Matangazo ya Ndoa ya Fundi Zablon katika Mtandao Unaokua

Kuna nchi moja, jina lake naliacha kando kwa sababu ina wanasheria wengi na mimi sina hata mmoja, ambako habari njema hutolewa kila Ijumaa saa nne asubuhi. Anayezitoa ni Kanoni Sefania Mdoe, Katibu wa Takwimu na Ukuaji wa Mtandao wa Parokia Zisizotikisika. Huo ni mtandao wa Waanglikana wanaoshika mambo ya kale: wanapiga magoti kama zamani, kanzu za makasisi wao zinafika vifundoni kama zamani, na kinanda ni kibovu kama zamani. Ulianza na parokia kumi na nne. Mwaka ulipoisha zilikuwa mia mbili na kumi. Ijumaa moja Kanoni alitangaza redioni kwamba zimefika mia sita na tatu, akanywa maji kidogo, kisha akaongeza kwa upole kwamba idadi ya waumini imebaki ileile.

Wageni walidhani kakosea. Hakukosea. Siri ilikuwa katika Kanuni ya Tano ya Mtandao: "Parokia ikipata jambo la kutokubaliana, itagawanyika kwa amani, na kila upande utahesabiwa parokia kamili." Kanuni ya Sita ikasema parokia ikishaandikwa haifutwi wala haiachwi tupu. Kanuni ya kwanza hadi ya nne zinahusu urefu wa kanzu.

Ukiuangalia vizuri, ni utaratibu wa akili. Makanisa mengine hukua kwa kuleta watu wapya, na watu wapya huja na magitaa. Mtandao ulikua kwa walewale. Mgawanyiko ulihitaji vitu vitatu tu: hoja, orodha ya majina, na ukuta. Serikali ilifurahi kuliko hata maaskofu. Katika nchi ile vitu vingi vilikataa kukua, mahindi yakiwemo, kwa hiyo chochote kilichopanda kilipokelewa kwa heshima. Wizara ya Mipango ikaziingiza parokia kwenye jedwali la maendeleo, katikati ya visima na minara ya simu.

Na kutoka hakukuwezekana. Si kwamba mlango ulifungwa; ni kwamba nje hakukuwa na nje. Obadia Mhina, fundi baiskeli, alichoka, akaacha kwenda kanisani, akawa anakaa nyumbani Jumapili kusikiliza mpira. Wiki ya pili akapokea barua ya kumpongeza kwa kuanzisha Parokia ya Nyumbani kwa Obadia, pamoja na muhuri na fomu ya taarifa ya robo mwaka. Anaijaza mpaka leo. Penye wahudhuriaji huandika: mimi na redio.

*

Yote haya yangekuwa furaha tupu kama Fundi Zablon Sengasu asingetaka kuoa.

Zablon alikuwa seremala wa Kanisa la Mtakatifu Tito, mgane wa miaka sitini na mitatu, mtu wa maneno machache na penseli sikioni. Aliyemtaka alikuwa Kezia Chiteji, mjane, mkunga wa zahanati. Alimchumbia kwa kutengeneza mlango wa zahanati mara tatu, nao haukuwa umeharibika. Mara ya tatu Kezia akamwambia kwamba mlango umeshakubali, sasa aseme analotaka. Yeye Kezia alikuwa amewazalisha mama wa nusu ya ushirika ule, na mtu akiinua sauti kanisani alimtazama kwa jicho la mtu aliyewahi kumshika miguu kichwa chini na kumpiga matakoni ili alie.

Kezia alikuwa anastaafu. Tarehe thelathini na moja Desemba ilimpasa kukabidhi ufunguo wa nyumba ya zahanati kwa mkunga mwingine, na nyumba nyingine hakuwa nayo. Zablon alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na jiko. Lakini katika Mtandao mwanamke haweki hata ndoo yake ya maji kwa mwanamume kabla ya pete. Kwa hiyo wakakubaliana waoane Juni, wapate nafasi.

Kabla ya ndoa yapo matangazo. Majina husomwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, katika parokia ileile, na watu huulizwa kama kuna ajuaye kizuizi. Ikipita ya tatu bila neno, ndoa inafungwa. Ni desturi ya kale, na Mtandao uliipenda mno.

Majina yakasomwa Jumapili ya kwanza. Watu wakacheka kwa furaha. Yakasomwa ya pili. Jumapili ya tatu, dakika chache kabla ya matangazo, Mzee Gershom Mnkande akasimama kusema kwamba "Amina" ya waumini inapaswa kutoka kasisi akishafunga mdomo, na kwamba kuna watu humu, hawataji, wanaitoa mdomo wa kasisi ukiwa bado wazi. Wasiotajwa wakasimama kujitetea. Hadi kufika mahubiri, Mtakatifu Tito ilikuwa imekuwa mbili: ya Mdomo Uliofungwa na ya Mdomo Ulio Wazi.

Bahati njema, maharusi waliangukia upande mmoja. Bahati mbaya, upande ule ulikuwa parokia mpya, yenye umri wa robo saa, na haijawahi kusikia tangazo lolote. Kasisi akafungua daftari, akavuta pumzi, akasoma: "Hii ni mara ya kwanza."

Na kwa kuwa kila upande ulidai ndio wa asili, hakuna uliokubali kuondoka jengoni. Ukuta wa plaiwudi ukahitajika katikati ya kanisa. Seremala wa kanisa alikuwa mmoja.

*

Julai waumini walitenganishwa na kofia za wanawake. Mwisho wa Julai ni kengele, ipigwe na mkono wa kulia au wowote. Agosti ikaja hoja nzito ya kuinamisha kichwa: kianze kichwa au yaanze mabega. Kila mara majina ya Zablon na Kezia yalifika mara ya pili, na kila mara ya tatu ikakuta parokia imeshazaa. Zablon alipigilia misumari Jumatatu, akaketi Jumapili. Benchi alizozichonga kwa mkono wake akiwa kijana alizikata vipande, kila parokia ipate chake. Parokia zikaitwa kwa mahali zilipobanwa: Mtakatifu Tito Nguzo ya Tatu, Mtakatifu Tito Chini ya Ngazi, Mtakatifu Tito Ilipokuwa Kwaya. Mtu akipiga chafya huku, parokia nne zinamtakia afya, halafu mbili zinabishana kama ilifaa.

Walijaribu bomani. Karani wa mkuu wa wilaya aliwapokea vizuri, akawatafuta katika kitabu, akawaonyesha waraka: kila mwananchi ataoa pale alipoandikishwa. Aliwapa kalenda ya serikali ya kupeleka nyumbani. Desemba ilikuwa na picha ya daraja.

Oktoba Kezia akaamua kuishika kazi mwenyewe. Parokia yao wakati huo ilikuwa na watu ishirini na wanane. Alipita nyumba kwa nyumba akiwa na sare yake ya ukunga, akakaa, akakataa chai, akasema jambo moja kwa kila mtu.

"Mikono hii ndiyo iliyokupokea, wewe au mwanao. Nakuomba Jumapili tatu tu, usiwe na maoni."

Wakaahidi. Na walijitahidi, tusiwaonee. Jumapili ya kwanza ilipita kimya. Ya pili, watu hawakusalimiana, maana salamu ina jibu na jibu linaweza kutofautiana. Waliingia mmoja mmoja kama watu waliobeba mayai, wakatazama sakafu, wakatoka. Zablon alifika na kisigino kikiwa na kidonda, hakuthubutu kuchechemea mtu asije akasema ni mwendo mpya.

Jumapili ya tatu akaja Baba Askofu Hezron Kilimbwe, Mlinzi Mkuu wa Mtandao, baada ya kusikia kwamba kuna parokia haijakua kwa siku ishirini. Alipanda kile kipande cha mimbari kilichobaki upande ule, akawatazama.

"Wapendwa," alisema, "nimeingia humu nimekuta utulivu. Nami kama mlinzi najiuliza, ni utulivu wa imani au utulivu wa uvuguvugu? Sihukumu. Naomba tu walionyamaza kwa imani wasogee kulia, na walionyamaza kwa uvuguvugu wasogee kushoto."

Hakuna aliyekwenda kushoto. Wote ishirini na wanane walikimbilia kulia, na kule kulia wakaanza kubishana nani alifika kwanza. Hadi saa sita mchana zilikuwa parokia saba. Askofu alizibariki zote, akaomba radhi kwa kuchelewa chakula.

Baada ya hapo gurudumu halikushikika. Kufikia katikati ya Novemba jengo lile la mabati lilikuwa na vyumba kama vya kuogea, arobaini na kimoja, na karibu kila kimoja kina Mkristo mmoja anayejiimbia. Kezia alijikuta Parokia ya Mtakatifu Tito Dirishani, peke yake. Jambo lililomtenga na wenzake wa mwisho lilikuwa kwamba hakuwa na maoni, nao wakaona hayo ni maoni. Zablon alijikuta Parokia ya Mtakatifu Tito Nyuma ya Mlango. Kati yao kulikuwa na kuta kumi na moja, zote alizipiga randa yeye. Walisalimiana kwa kukohoa: kikohozi kimoja, nipo, viwili, umekula?

*

Wakaitwa makao makuu tarehe ishirini na nane Novemba, baada ya kuandika barua tisa. Baba Askofu alikuwa nyuma ya meza pana, Kanoni Sefania pembeni na daftari la Mtandao. Kezia alikuwa ameshafunga vyombo vyake katika maboksi ya dawa. Kama shauri lingeshindikana pale, Mwaka Mpya angeupokea barabarani na sufuria zake.

Kanoni alieleza kwa huruma kwamba bibi harusi huhamia parokia ya mume kwa hati ya kuhama. Akamuuliza Kezia, akihama, Dirishani itabaki na watu wangapi. Kezia akasema hakuna. Kanoni akafunga macho kwa uchungu, akataja Kanuni ya Sita.

Zablon akasema basi ahame yeye.

"Na Nyuma ya Mlango itabaki na nani, Fundi?"

"Na mlango."

Kanoni akaandika, halafu akafuta.

Ndipo Baba Askofu aliposimama, akashika msalaba wake wa kifuani, akatoa maneno ambayo baadaye yalichapwa kwenye kalenda. Alisema wasijione wadogo. Kila mmoja wao sasa si mtu tu, ni parokia nzima, yupo kwenye jedwali la Wizara. "Je, mmewahi kusikia parokia mbili zimeoana? Zikioana zitakuwa moja, na Mtandao utakuwa umepungua. Na zikizaa, zitazaa nini?"

"Baba Askofu," Zablon akasema, "mkunga ana miaka sitini."

  Kezia alikuwa anamtazama Kanoni kama alivyokuwa akimtazama mama anayesema uchungu umekatika. Akaomba Kanuni ya Tano isomwe. Ikasomwa. Akauliza kama inataja ni watu wangapi wanaopaswa kutokubaliana. Kanoni akaisoma tena, ndani ya moyo, midomo ikicheza. Haikutaja.

"Basi andika, Kanoni. Parokia ya Dirishani imepata jambo la kutokubaliana. Humo yupo Kezia anayesema tuendelee kungoja kwa subira, na yupo Kezia aliyechoka. Tumezungumza tangu Oktoba. Hatuelewani."

Askofu aliketi polepole. Akauliza kama wanagawanyika kwa amani.

"Kwa amani kabisa. Mwenzangu wa kungoja abaki na dirisha lake. Mimi sichukui kitu; kabla upande wangu haujaandikwa, naomba hati ya kuhamia Nyuma ya Mlango."

Kanoni Sefania alitoa kikokotoo. Dirishani haibaki tupu: mmoja. Nyuma ya Mlango inapokea: wawili. Alijumlisha safu nzima ya Mtandao kutoka juu hadi chini, akasimama, akajumlisha tena.  Akamgeuzia Askofu daftari. Idadi ya waumini, ambayo haikuwahi kupanda tangu Mtandao uzaliwe, ilikuwa imepanda kwa mmoja.

Baba Askofu alilia. Alitoa leso, akalia kwa heshima ya cheo chake, akatia sahihi hati zote mbili, ya kugawanyika na ya kuhama. Ijumaa iliyofuata redio ilirudia habari mara tatu: muumini mpya kapatikana.

Ukuta ulitakiwa bado. Zablon alileta kipande cha mbao chenye upana wa kiganja, akakipigilia katikati ya kiti cha dirishani. Mkaguzi akakipima, akasema kinatosha kwa watu wanaofahamiana.

*

Matangazo yakaanza upya, mara hii Nyuma ya Mlango, Jumapili tatu za Desemba. Kwa kuwa parokia ile haikuwa na kasisi wa kudumu, aliyeyasoma ni mwana parokia mkongwe, yaani Zablon. Alisimama kwenye kijumba chake, akasoma jina lake na la Kezia aliyeketi mbele yake karibu kumgusa magoti, akauliza kama kuna mtu ajuaye kizuizi, akangoja muda wa zaburi moja kama inavyotakiwa. Kuta pande zote zilikuwa zimejaa masikio.

Aliyemtia Kezia hofu alikuwa mmoja tu.

"Fundi, hizi wiki tatu usifikirie kitu."

"Nikifikiri?"

"Usifikiri. Panga misumari."

Alipanga misumari. Aliipanga kwa urefu, halafu kwa kutu. Ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Asubuhi ya Jumapili ya tatu Kezia alimkuta amekaa na mkebe mikononi, anatoka jasho, amegundua kwamba hajui kama msumari uliopinda uhesabiwe mfupi au mrefu. Kezia akauchukua msumari ule, akautia mfukoni, akamwambia asome. Akasoma. Ndoa ikafungwa Jumapili iliyofuata, tarehe ishirini na saba. Kasisi wa zamu alitoa Amina akiwa na mdomo nusu, ili asimkwaze mtu. Walikula pilau kwenye ua wa Zablon, na siku nne baadaye Kezia akakabidhi ufunguo wa zahanati na kuingiza maboksi yake ndani.

Jumatatu ya kwanza ya Januari, Kanoni Sefania akafika kwa baiskeli na bahasha.

Barua ilimhusu yule Kezia mwingine, wa kungoja. Ilisema kwamba muumini wa Parokia ya Dirishani, mwanamke asiye na mume, ameonekana akiwasha mkaa akiwa na kanga moja katika ua wa mwanamume mwenye mke. Anatakiwa mbele ya kamati ya nidhamu ya parokia yake. Kamati ya nidhamu ya Dirishani ina mjumbe mmoja, ambaye ndiye mwenyekiti, ambaye ndiye Kezia.

Kanoni alieleza mambo kwa unyenyekevu, kofia mkononi. Mwenyekiti akimwachia mtuhumiwa, Dirishani itahesabiwa imelegea, mgawanyiko utatenguliwa, na hati ya kuhama, na ndoa pamoja nayo. Mwenyekiti akimtia hatiani, mtuhumiwa atatoka katika nyumba hii ndani ya siku saba. Na kwa masikitiko, alisema Kanoni, hawa wawili wanatumia miguu ileile.

Zablon aliinuka, akachukua nyundo, akairudisha. Nyumba ilikuwa yake, mke alikuwa wake, na hakukuwa na kitu cha kugonga.

Kezia akaomba karatasi ya mihtasari. Akaivuta kwenye goti, akaandika mstari mmoja kwa mwandiko wake wa kadi za kliniki, akapiga muhuri wa Dirishani: *Kikao hakikufanyika. Mwenyekiti yuko fungate.*

Kanoni alizipekua kanuni zote pale pale kibarazani, hata zile za kanzu. Hakuna iliyomkataza mwenyekiti kuwa katika fungate. Lakini ahirisho la kamati hudumu siku saba tu, alisema, na fungate lazima iwe ya kweli. Itambidi apite kila Jumatatu kuikagua.

Huu ni mwaka wa pili anapita. Huja saa mbili asubuhi, huegemeza baiskeli ukutani, huangalia kama maharusi wanakunywa chai kwenye benchi moja na kama wanatazamana. Wakionekana wamezoeana, ataandika fungate imekwisha, na kamati itakaa. Hawaruhusiwi kununiana, kuchokana, wala kulala mzungu wa nne. Ndoa nyingine katika nchi ile huzeeka kwa raha zake, hii imekatazwa.

Jumatatu iliyopita waligombana tangu alfajiri. Zablon alikuwa ameazima sufuria kubwa ya Kezia kuchemshia gundi. Yalisemwa maneno mazito, ya mkunga na ya seremala, na kila mmoja alikuwa amekaa pembe yake ya kibaraza akitazama upande wake. Kengele ya baiskeli ikalia kwenye kona.

Kezia akasogeza kiti.

"Nishike mkono, Fundi."

"Bado nimekasirika."

"Kasirika huku umenishika."

Akamshika. Kanoni Sefania akawatazama kwa muda mrefu, akalamba ncha ya penseli, akaandika kwamba fungate inaendelea.